Nyuma ya Nyumba Yao Wenyewe

Dalali alifika asubuhi, Rebeccah akiwa amekaa barazani akimnyoosha mumewe vidole vya mkono wa kulia, kimoja baada ya kingine, kama alivyofundishwa hospitalini. Dalali huyo alikuwa kijana wa suti ya kijivu, viatu vimeingia matope, mkononi ana mkebe wa gundi na brashi. Hakubisha hodi. Alichagua nguzo ya geti, akaipaka gundi, akabandika karatasi upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini.

Rebeccah alishuka ngazi akamwendea.

"Hiyo imekaa upande," alimwambia. "Kama umeamua kunitangaza, nitangaze vizuri. Itoe uibandike sawa."

Kijana alimwangalia usoni akitafuta mzaha, asiuone. Akaibandua karatasi, akaiweka sawa. "Pole, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimetumwa tu."

"Najua. Wewe fanya kazi yako, na mimi nifanye yangu."

Lakini alipogeuka kurudi barazani, hiyo kazi aliyoisema hakuwa anaijua bado.

Karatasi ilisema nyumba yao ingepigwa mnada kabla mwezi uliofuata haujaisha, kwa ajili ya malimbikizo ya ada ya mtaa, riba yake, na gharama za kesi. Si benki iliyokuwa ikiwauza. Nyumba walikuwa wamemaliza kuilipa zamani, na hati walikuwa nayo. Waliokuwa wakiiuza ni chama cha wakazi, yaani majirani zao wenyewe.

Mtaa wa Majani uko juu kidogo ya mji wa Kericho, nyumba za paa la vigae zilizozungukwa na chai pande tatu. Kila aliyenunua nyumba pale alitia sahihi kwamba atalipa ada kila mwezi, maana maji ni ya kisima cha mtaa na pampu yake, taa za barabarani ni za mtaa, na askari wa geti anakula mshahara wa mtaa. Noah, mumewe Rebeccah, alikuwa mmoja wa wale wa kwanza kutia sahihi. Siku hizo alikuwa na malori mawili ya kubeba majani mabichi kutoka vituo vya kununulia hadi kiwandani, na ada ile aliilipa bila hata kuikumbuka.

Kiharusi kilimkuta kwenye kituo kimoja cha majani kule njia ya Bomet, amesimama katikati ya magunia akibishana na karani. Alianguka kama mti uliokatwa. Lori la kwanza liliuzwa akiwa bado kitandani. La pili lilifuata alipoanza kujifunza kutembea. Rebeccah alikuwa na mashine ya kufuma masweta ya shule, na kwa masweta hayo akalisha nyumba, akanunua dawa, akamlipia binti yao Winny karo ya chuo cha uuguzi Eldoret. Ada ya mtaa ndiyo ilikuwa deni lisilopiga kelele. Mwenye duka ukimnyima pesa anakukazia macho, na shule hurudisha mtoto nyumbani, lakini ada inakaa tu inajijumlisha kimyakimya. Ilipokuja kufungua mdomo, ilifunguliwa na wakili. Wito wa mahakama ulipofika Noah alikuwa amelazwa mara ya pili, naye Rebeccah akajiambia kwamba atashughulika na aliye hai kwanza, hayo mengine baadaye. Baadaye hiyo ilipofika, hakimu alikuwa ameshatoa hukumu.

Jumamosi iliyofuata ujio wa dalali, Rebeccah alipanda gari mpaka Bomet kwa kaka yake Kipsang. Mama yao alipokufa aliwaachia shamba la chai, na sehemu ya Rebeccah ilikuwa mistari michache upande wa mtoni. Kipsang alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea mursik, maziwa yale ya kibuyu, kwenye kikombe kikubwa, kisha akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Uza hiyo sehemu yako. Mimi nitainunua pole pole."

"Pole pole ni lini, Kipsang? Dalali hangoji pole pole."

"Sasa nifanye nini? Bonasi ya chai ya mwaka huu umeiona mwenyewe."

Rebeccah alikuwa ameiona. Ilikuwa ndogo hata ikawapa watu wote huzuni ya pamoja. Na hata hivyo majani yale ndiyo yaliyonunua dawa za Noah, na mtu hakati mkono ili auze pete. Alimshukuru kaka yake, akanywa mursik yake yote, akarudi Kericho mvua ikimfuata nyuma.

Wazo halikumjia kwa ufunuo wowote. Lilimjia dukani kwa Bilhah, jirani yake aliyeuza unga, mkate na kadi za simu karibu na geti la mtaa. Bilhah alikuwa akimlalamikia mteja mwingine kwamba mji umejaa, nyumba za kupanga hazipatikani.

"Kuna huyu fundi mkuu mpya wa kiwanda, Obure, mtu wa Kisii," Bilhah alisema. "Ako na bibi na watoto, wamewekwa lodging mwezi mzima. Anatafuta nyumba kubwa, pesa anayo, nyumba hakuna."

Mteja alipotoka, Rebeccah alisema, "Mwambie iko moja."

"Iko wapi?"

"Yangu."

Bilhah aliacha kupanga mikate. "Rebeccah, na nyinyi mtaenda wapi?"

"Nyuma."

Nyuma ya kila nyumba ya Mtaa wa Majani kuna kota ya mfanyakazi: vyumba viwili vidogo, choo, na jiko ambalo ukipanua mikono unagusa kuta zote mbili. Ile ya kwao haikuwahi kukaliwa na mtu. Ilijaa tairi kuukuu za lori, madebe ya rangi, na kuni. Bilhah alirudi kupanga mikate. Alichokisema mwishowe ni hiki: "Mzee atakubali?"

Mzee hakukubali.

Noah alikuwa amerudishiwa maneno yake na Mungu, lakini yalitoka taratibu, kama gari linalopanda mlima na mzigo. Siku ile yalitoka haraka kuliko kawaida. "Mimi? Nikae kota? Watu wanipite nikiwa... nimekaa mlango wa boi wa nyumba?"

"Watu wamesoma jina lako kwa geti, Baba Winny. Hawajafa, na wewe hujafa."

"Afadhali iuzwe. Tuende kwa ndugu yangu, Sigowet. Kuna shamba."

"Kwa ndugu yako tutakaa kama nani?"

Noah aliivuta bakora yake karibu, kama anayetaka kuondoka.

"Nyumba kwa mnada inauzwa bei ya kutupa," Rebeccah aliendelea. "Watakata deni, watakata wakili, watakata dalali, kile kitabaki tutakikula mwaka mmoja. Halafu? Mimi nataka ulale kota ukiwa na hati kwa sanduku. Sitaki ulale kwa watu ukiwa na hadithi ya nyumba uliyokuwa nayo."

Noah aligeuza uso upande wa ukuta. Kwa siku tatu alikula chakula chake bila kumwambia neno. Siku hizo tatu Rebeccah alizitumia kubeba tairi. Alizivingirisha moja moja mpaka kwa fundi wa panchari pale barabarani akaziuza, akapaka kuta za kota chokaa, akaziba paa mahali palipokuwa panavuja. Obure alikuja na mkewe Janefer kuiangalia nyumba. Janefer alizunguka jikoni akifungua makabati kwa haya, kama mgeni anayejua yuko ndani ya kitu cha mtu. Walikubaliana kodi siku hiyohiyo, na kwamba wangekaa mpaka deni liishe.

Kisha mambo yakakwama kwenye geti la mtaa.

Sheria za mtaa zilisema nyumba yenye deni haipangishwi mpaka mwenyekiti wa chama aandike ruhusa. Bila ruhusa hiyo askari hafungui geti kwa lori la vyombo. Mwenyekiti alikuwa Kinuthia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, mtu ambaye baba yake aliuza maharagwe na viazi katika soko lile la Kericho kabla yeye hajazaliwa. Rebeccah alimkuta akipima misumari kwa mizani.

"Mama Winny," alisema bila kuacha kazi, "kama umekuja kulipa, karibu. Kama umekuja kuongea, mimi nimechoka kuongea."

"Nimekuja kukuonyesha vile nitalipa." Akamweleza.

Kinuthia alifunga misumari kwenye gazeti, akampa mteja, akapokea pesa, ndipo akamgeukia. "Mwaka jana pampu iliungua. Unajua nani alinunua ingine? Mimi. Na pesa ya hii duka. Mpaka leo sijarudishiwa, na nyinyi wote mlikunywa hayo maji. Wewe pia ulikunywa."

"Nilikunywa."

"Nikikupea wewe ruhusa, kesho watu kumi watasimama hapa, kila mtu na shida yake. Wote watakuwa na mgonjwa."

Rebeccah alikuwa amekuja amejiandaa kumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi. Lakini alimwona mtu aliyechakaa, ambaye simu yake mezani haikuacha kulia, na kila aliyempigia alikuwa akimdai au akimlaumu. "Kinuthia," alisema, "sikuombi msamaha wa deni. Ukiuza nyumba yangu utapata pesa yako mara moja, na adui wa maisha. Ukingoja, utapata pesa yako yote na jirani anayelipa. Kama huwezi kuamua peke yako, niitie mkutano."

Kinuthia alitikisa kichwa. "Mkutano uko Jumapili baada ya kanisa. Ni wa mambo ya barabara."

"Basi nitakuja kwa mambo ya barabara."

Jumapili walikutana chini ya turubai karibu na tangi la maji, viti vya plastiki vikizama kwenye nyasi zilizolowa mvua. Rebeccah alikaa mstari wa mbele, mahali ambapo wadaiwa hawakai. Walimaliza barabara, wakamaliza taa, wakasoma majina ya wadaiwa. Kinuthia alipouliza kama kuna lingine, Rebeccah alisimama. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, na sasa hakuna hata moja lililobaki mahali pake, kwa hiyo akasema yale yaliyokuwepo.

"Majina ya wadaiwa yamesomwa, langu limesomwa la kwanza. Ni kweli. Tulikunywa maji, tukalindwa, na hatukulipa. Sitasema mume wangu ni mgonjwa, kwa sababu hilo mnalijua na pampu hailijui. Ninachoomba ni hiki. Nimepata mpangaji wa nyumba yangu. Kodi yote, hata shilingi isipite mkononi mwangu, iingie akaunti ya mtaa moja kwa moja mpaka deni liishe. Mimi na Baba Winny tutakaa kota."

Mzee mmoja mwenye koti la mvua, Naftaly, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa penye chai, akasimama. Alikuwa mlipaji mzuri, na walipaji wazuri wana uchungu wao.

"Mimi ni mstaafu," alisema. "Kila mwezi najinyima nalipa. Kuna miezi nimeacha nyama ili nilipe. Leo huyu mama akipewa nafasi, mimi niliyejinyima nimepata nini? Nyumba iuzwe. Sheria ni sheria."

Watu wengine walipiga makofi. Rebeccah alingoja yaishe. "Mzee Naftaly, uliyoyasema ni haki yako," alijibu. "Siwezi kukurudishia nyama uliyoiacha. Lakini kama nyumba itauzwa, jua dalali atakula kwanza, na wakili atakula wa pili. Mtaa utakula mabaki. Mimi nawaambia mle kila kitu."

"Na mpangaji akihama?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Nitatafuta mwingine."

"Na usipompata?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa. "Miezi miwili ikipita bila pesa, nitamfungulia dalali geti mimi mwenyewe. Andikeni hivyo."

Bilhah, aliyekuwa amekaa pembeni na kikapu cha duka miguuni, alipaza sauti bila kusimama. "Pigeni kura, mvua inakuja."

Walipiga kura kwa mikono. Kinuthia hakuinua mkono wake upande wowote. Alizihesabu tu, akarudia kuhesabu, na mara ya pili akahesabu kwa sauti ili asije akasingiziwa. Waliokubali waliwazidi waliokataa kwa mikono michache. Riba haitasimama, walisema, lakini mnada utasimama. Jumatatu Kinuthia alifunga duka lake asubuhi, akaenda na Rebeccah kwa wakili, na makubaliano yakapelekwa mahakamani yakaandikwa kama yalivyo, pamoja na lile la miezi miwili.

Siku ya kuhama kulinyesha mvua ya mawe. Janefer na watoto walikimbiza magodoro kutoka kwenye lori wakiyafunika kwa nailoni, na Obure, mtu mnene mpole, alipita na kabati mgongoni kama sisimizi aliyebeba unyoya. Vitu vya Rebeccah vilishapelekwa nyuma asubuhi. Kilichobaki kwenye nyumba ya mbele kilikuwa Noah, ameketi sebuleni kwenye kiti chake, bakora magotini. Wapangaji walimzunguka wakiweka vitu vyao, wakiogopa kumwomba apishe.

Rebeccah alisimama mbele yake. "Twende, Baba Winny."

"Usinishike."

Aliinuka mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu. Alipita jikoni, akashuka kidato cha mlango wa nyuma, na katika ule uwanja mdogo wa saruji uliojaa mawe ya barafu yaliyokuwa yakiyeyuka akasimama kupumua. Rebeccah alikuwa nyuma yake, mikono tayari, hamgusi. Noah aliiangalia kota. "Umepaka chokaa," alisema. Halafu akaingia.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu kuliko Rebeccah alivyomwambia mtu yeyote. Mashine ya masweta ilichukua nusu ya chumba, kwa hiyo alifuma akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Asubuhi walisikia watoto wa Obure wakikimbia juu ya sakafu waliyoitia nta wenyewe. Siku moja alimwona Janefer amebadilisha mapazia ya sebuleni, akaweka ya rangi ya machungwa, na akalazimika kwenda dukani kwa Bilhah kununua chumvi asiyoihitaji, mradi tu asiyaone. Winny alipopiga simu kutoka Eldoret akataka kuacha chuo atafute kazi, Rebeccah alimkatiza. "Ukiacha, nimehamia huku bure. Soma." Na kila mwezi Kinuthia alimtumia ujumbe mfupi: kodi imeingia, deni limebaki hivi. Hakuongeza hata salamu.

Mara moja tu mambo yalitaka kumponyoka. Kiwanda kilichelewesha mishahara, na mwezi mmoja ukapita bila kodi. Obure alikuja kota amejaa aibu. Rebeccah hakungoja wa pili uanze kuhesabiwa. Aliketi kwenye mashine kuanzia alfajiri, akazifumia shule mbili za huko Soin masweta kabla ya muhula kufunguliwa, akapeleka pesa yote kwa akaunti ya mtaa. Haikutosha kodi, lakini haikuwa sufuri. Mishahara ya kiwanda ilipotoka, Obure alilipa yote kwa mkupuo.

Jambo lisilotazamiwa lilitoka kwa Noah. Jioni Obure alizoea kupitia nyuma kumsalimu, na mazungumzo yao yakawa ya malori: njia ipi inateleza wakati wa mvua, kituo kipi karani wake hucheza na mizani, majani yanaunguaje kwa joto yakikaa ndani ya gunia. Noah aliyekuwa akitafuta maneno aliyapata kwa wingi. Watoto wa Obure nao wakazoea kuja kufanyia kazi zao za shule kwenye kidato cha kota, kwa sababu mzee huyu hakuwa na haraka yoyote, na hesabu za kilo alizijua.

Deni liliisha mwaka wa pili, mwezi wa Agosti. Ujumbe wa Kinuthia ulisema: imeisha. Rebeccah aliusoma akiwa amesimama kwenye kamba ya nguo. Alikimbia ndani.

"Imeisha, Baba Winny! Mwisho wa mwezi wakihama kama tulivyokubaliana, tunarudi mbele."

Noah alikuwa akimenya kiazi kwa mkono wa kushoto. Alikiweka chini. "Wacha wakae mpaka Disemba."

"Nini?"

"Yule msichana wao mkubwa ana mtihani. Ukimhamisha sasa... utamharibia. Mpaka Disemba."

Rebeccah alimkodolea macho. Yeye ndiye aliyewahamisha, ndiye aliyebeba tairi, aliyesimama chini ya turubai, ambaye hakuwahi kumwambia mtu kwamba kila asubuhi alipoamka na kuona ukuta ule karibu na pua yake alitamani kulia. Alikuwa amejiahidi Agosti. Sasa mtu huyu aliyekataa kuja nyuma ndiye anayekataa kurudi mbele. Akakaa kitandani akalia, kwa hasira na kwa uchovu wa miaka, mpaka shuka ikalowa. Noah hakumbembeleza kwa maneno. Aliuburuta mguu wake mpaka pale, akakaa kando yake, akauweka mkono wa kulia, ule uliokufa nusu, juu ya goti la mkewe. Vidole vilijikunja kidogo, vikamshika.

"Disemba," alisema Rebeccah mwishowe, akipangusa pua. "Siku moja zaidi, hapana."

Wakakaa mpaka Disemba. Kodi ya miezi hiyo ilikuwa yao, na ikamlipia Winny muhula wake wa mwisho. Obure alipata nyumba karibu na kiwanda. Siku waliyohama, Janefer aliyakunja mapazia yake ya machungwa akamwachia Rebeccah, naye Rebeccah akayapokea kwa mikono miwili na kuyasifu.

Wiki ya kwanza ya Januari alishuka mjini akaingia dukani kwa Kinuthia, akahesabu ada ya mwezi juu ya meza, kati ya bawaba na vitasa.

"Si ungetuma kwa simu," Kinuthia alisema.

"Ningetuma. Nilitaka uione."

Kinuthia alizihesabu noti, akazitia kwenye droo, akamwandikia risiti. Alipokuwa akimpa, aliishikilia kidogo. "Kuna nyumba tatu ziko nyuma na malipo. Mmoja ni Naftaly. Watoto wamemwachia wajukuu, pensheni haimtoshi. Mimi nikienda wananifungia mlango. Kamati inahitaji mtu wa kuwaendea."

Rebeccah alikunja risiti, akaitia mkobani. Nje mvua ilikuwa imeanza kumwagika juu ya mabati ya soko, na watu walikuwa wakikimbilia vibarazani.

"Naftaly alitaka niuzwe," alisema.

"Alitaka."

Alifungua mwavuli wake mlangoni. "Sawa. Nitaanza na yeye."